Mafuta Kwanza, Kichwa cha Injini Baadaye

Ipo asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani hadi leo. Nilikuwa na miaka thelathini. Nimekaa kiti cha kushoto ndani ya gari la mashindano, nimefunga mkanda, kofia ngumu imenibana masikio, na dereva wangu akaniuliza swali moja fupi. Nikamjibu uongo. Haukuwa uongo mrefu, ni maneno machache tu, lakini yalimvunja mtu mguu na nusura yamvunjie maisha.

Nimeikumbuka asubuhi hiyo kwa sababu ya picha uliyonitumia juzi kwenye simu. Pistoni nne mpya zimepangwa juu ya gazeti, zimeinuka vichwa kama vilima. Ukaandika: "Baba mkubwa, shikamoo. Kichwa cha injini nakipeleka kukatwa Jumatatu, nataka kompresheni ya juu kabisa. Unanishauri nitumie mafuta gani?" Marahaba, mwanangu. Pistoni nimeziona, ni nzuri. Lakini swali lako umelichelewesha kidogo, na kwa kuwa mimi nililichelewesha zaidi yako, acha nikueleze yaliyonipata kabla hujafika kwa mkata vyuma.

Wewe unanijua kama mzee wa gereji ya hapa Ngokolo, Shinyanga, anayefungua matrekta na mashine za kukoboa mpunga. Hukunijua nilipokuwa fundi kijana kule Nyasubi, Kahama, mwenye maneno mengi kuliko spana. Nilifanya kazi chini ya Mzee Shabani, Mnyamwezi wa Tabora, mtu mfupi, mwenye ndevu nyeupe na sauti ya chini. Alikuwa haongei ukiwa unakosea mambo madogo. Alikuacha ukosee, urudie. Ukimwona ameweka kikombe cha kahawa chini na kusogea karibu, ujue umefika kwenye kosa kubwa.

Siku hizo Kahama ilikuwa imechangamka kwa dhahabu. Watu walitoka kila pembe ya nchi, wengine wakichimba, wengine wakiuza maji, wengine wakikodisha mashine. Miongoni mwao alikuwepo mama mmoja wa hapo Nyasubi, Mama Zawadi, aliyekodisha pampu za kuvuta maji kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, hadi upande wa Geita. Magari yake tuliyatengeneza sisi, na dereva wake mmoja aliitwa Masalu. Masalu alikuwa rika langu, Msukuma wa Kagongwa, mwembamba, mpole, na sijapata kuona mtu anayejua kuendesha gari kama yeye. Alikuwa anasikiliza gari kama daktari anavyosikiliza kifua. Pikapu ya Mama Zawadi aliipitisha kwenye matope ambayo wengine waliacha magari yao wakatembea kwa miguu.

Sasa ikatangazwa kwamba kutakuwa na mashindano ya magari ya barabara ya vumbi, kuanzia Kagongwa, kuzunguka vijijini na kurudi. Mimi na Masalu tulikuwa na gari dogo la Kijapani la milango miwili tulilolinunua likiwa bovu, tukalifufua kidogo kidogo. Tukakubaliana: yeye ataendesha, mimi nitakaa pembeni kumsomea njia. Na injini, nikasema, mwachieni Ngassa, yaani mimi.

Nilikuwa nimesoma kitabu kimoja cha ufundi, cha kuazima, kurasa za mwanzo zimeng'oka. Humo nilijifunza kwamba ukiibana hewa na petroli zaidi kabla ya kuiwasha, injini inatoa nguvu zaidi. Hilo ni kweli, wala sijalikana mpaka leo. Nikapata pistoni ndefu kupitia mfanyabiashara wa vipuri. Nikapeleka kichwa cha injini kikakatwa ili nafasi iliyo juu ya pistoni ipungue, kikarudi, nikaona bado, nikakirudisha kikakatwa tena. Nilipima nafasi iliyobaki kwa bomba la sindano la hospitali na oili nyepesi, tone kwa tone, kazi ambayo mpaka leo najivunia. Hesabu ikatoka kumi na mbili na nusu kwa moja. Maana yake, hewa ya kujaza vikombe kumi na mbili na nusu inabanwa mpaka ikae kwenye kikombe kimoja. Gari hilo lilipotoka kiwandani lilikuwa na tisa. Nikaandika namba yangu kwa chaki ukutani, kubwa, ili kila anayeingia gereji aulize.

Mzee Shabani aliisoma ile chaki. Akaweka kikombe chini.

"Ngassa, hii utainywesha nini?"

"Petroli, mzee."

"Petroli ipi?"

"Ya sheli. Kwani kuna nyingine?"

Akanitazama. "Ya sheli ipi? Ya hapa? Ya Isaka? Ya yule anayeuza kwenye chupa pale njia panda? Unajua imekaa wapi kabla ya kufika hapa, na imechanganywa na nini?"

Nikacheka. Nilidhani anaongea mambo ya wazee. Yeye hakucheka. Akasema, "Mtu hupika kulingana na unga alionao. Wewe umeshawasha moto, umeinjika sufuria, ndiyo unauliza kama kuna unga." Akachukua kikombe chake, akaondoka.

Siku tulipoiwasha injini kwa petroli ya sheli, iliunguruma vizuri sana ikiwa imesimama. Nikaingia barabarani peke yangu, nikaweka gia ya tatu, nikakanyaga. Ndipo nikausikia ule mlio. Kama hujawahi kuusikia, chukua kopo tupu la maziwa, weka changarawe, tikisa. Unatoka ndani ya injini pale unapoitaka ifanye kazi, ukiachia unapotea. Ni mafuta yanayolipuka yenyewe kwa kubanwa na joto, bila kusubiri plagi, na mlipuko huo unagonga pistoni kabla ya wakati wake. Nilijua ni nini. Kitabu kilikuwa kimeeleza. Nilirudisha nyuma taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha, mlio ukapungua, lakini nguvu nazo zikaenda, gari likawa zito kuliko lilivyokuwa kabla sijaligusa.

Nikamweleza Mzee Shabani, kwa kujikaza. Akasema bila kunisuta, "Weka gasketi nene, au rudisha pistoni za zamani. Shuka mpaka kumi, labda tisa na nusu. Zimebaki siku sita kabla ya mashindano, zinatosha."

Zilitosha kweli. Lakini ile namba ilikuwa ukutani, mwanangu, na watu walikuwa wameiona. Nilikuwa tayari kutafuta mafuta ya kuifuata namba yangu, lakini sikuwa tayari kuifuta namba. Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Yaliyofuata yote ni matawi yake.

Nilikuwa nimesoma kwamba ndege ndogo zinatumia petroli yenye okteni ya juu, petroli inayovumilia kubanwa sana bila kulipuka yenyewe. Hilo nalo ni kweli. Nikakumbuka kwamba upande wa Geita, kwenye mgodi mmoja mkubwa, ndege ndogo yenye pangaboi moja mbele ilikuwa inatua mara kwa mara. Nikamtafuta mtu anayejuana na watu. Hakuna kitu ambacho ungekikosa machimboni siku zile ukijua wa kumuuliza. Yule bwana akaniletea madumu mawili.

"Mafuta ya ndege haya?" nikamuuliza.

"Ya ndege yenyewe," akasema. "Yametoka kwenye pipa lake."

Sikuuliza yametokaje kwenye pipa hilo. Sikuuliza ni ya ndege ya aina gani. Nilifungua mfuniko nikanusa, ikanijia harufu nzito ambayo haikuwa ya petroli, nikajiambia hiyo ndiyo harufu ya nguvu. Angalia, mwanangu, jinsi mtu anavyoweza kuvishika vitu vyote vya kumwonyesha ukweli, pua ikamwambia, masikio yakamwambia, mwalimu wake akamwambia, bado akachagua kuamini anachokitaka.

Nilichanganya dumu moja na petroli ya sheli, sehemu moja kwa tatu. Asubuhi injini ikagoma kuwaka mpaka nilipoisumbua sana. Ikatoa moshi. Nikazunguka nayo polepole, nikijiambia ringi za pistoni ni mpya zisiumizwe. Ukweli ni kwamba niliogopa kuikanyaga nisije nikausikia ule mlio.

Siku ya mashindano Kagongwa ilijaa. Akina mama wameacha mpunga kwenye maturubai, wamesimama pembeni ya barabara na kanga vichwani. Mke wa Masalu, Mama Kulwa, alikuja na watoto wake pacha, akanisalimia, "Mwangaluka, shemeji," akanipa muhogo wa kuchemsha kwenye kitambaa. Akaniambia, "Mrudishe mwenzio mzima." Alikuwa anatania.

Tukaondoka. Masalu alipita magari mawili kabla hatujafika kijiji cha kwanza. Nilikuwa nasoma karatasi yangu, kushoto, kulia, kalvati, ng'ombe huenda wakawepo. Kisha tukaingia kwenye mnyoofu mrefu wa barabara katikati ya majaruba ya mpunga, akaweka gia ya juu, akakanyaga mpaka chini. Changarawe zikaanza kutikiswa ndani ya kopo. Safari hii hazikuwa chache.

Masalu aliinamisha kichwa kidogo, kama kawaida yake. Akapaza sauti, "Ngassa! Unasikia huo mlio?"

Nilisikia. Nilisikia kabla yake.

"Ni mawe yanapiga chini!" nikamjibu. "Kanyaga!"

Akakanyaga. Aliniamini, kwa sababu injini ilikuwa yangu.

Mnyoofu uliishia kwenye kona yenye kalvati. Masalu akaachia, akashusha gia ili aingie kona, na wakati uleule injini ikakatika ndani. Konrodi, ile fimbo inayoshika pistoni, ilivunjika, krankshafti inayozungusha magurudumu ikakamatwa, magurudumu ya nyuma yakafunga kama yamepigwa breki. Gari likajigeuza, likaruka ukingo, likabingirika mara mbili ndani ya jaruba. Mimi nilitoka na mkato huu unaouona juu ya jicho, ule ambao huwa nawaambia watoto niligongwa na boneti. Masalu mguu wa kulia ulikuwa umebanwa chini ya usukani, na paja limevunjika. Hakupiga kelele. Alinishika mkono tu akawa anarudia, "Nimekosea gia, Ngassa. Nimekosea gia."

Mwanangu, hapo ndipo ningesema. Midomo yangu ilikuwa mizima. Nikamwambia, "Tulia, usiongee."

Alilazwa hospitali wiki nyingi, mguu umening'inizwa kwa uzito. Mjini habari ikawa moja: Masalu kaingiza gia isiyo yake, kaua injini ya fundi. Mimi sikuisema habari hiyo, lakini nilikuwa nikiulizwa naangalia pembeni, na kuangalia pembeni kulitosha. Baadaye nikasikia Mama Zawadi amemchukua dereva mwingine. Alisema, dereva asiyejua gia yake hawezi kumpa pampu zake. Mtu mwenye watoto wawili, mguu juu, akapoteza kazi akiwa kitandani. Na kilichomuumiza zaidi, Mama Kulwa aliniambia baadaye, ni kwamba yeye mwenyewe aliamini. Alilala pale akiurudia ule mkono wake kwenye gia, akijiuliza ulikosea wapi.

Injini nilikuwa nimeitupa kwenye kona ya gereji na kuifunika turubai. Nilimwambia Mzee Shabani pistoni zilikuwa mbovu kutoka dukani. Siku moja mchana, baada ya swala ya adhuhuri, nilimkuta ameifungua yeye mwenyewe. Pistoni moja ilikuwa imebaki nzima kiasi cha kusomeka. Akaniwekea mkononi. Katikati ya kichwa chake palikuwa na tundu la kupitisha kidole, kingo zimeyeyuka kama sabuni.

"Pistoni mbovu hupasuka," akasema. "Hii imechomwa. Uliinywesha nini?"

Nikasema petroli.

Akaenda chini ya meza yangu ya kazi, akavuta lile dumu la pili. Hata sikujua kama alikuwa ameliona. Akachana karatasi ya daftari, akadondosha tone la petroli ya kuoshea vyuma upande mmoja, na tone la dumu langu upande wa pili. Akaiweka juani, tukasimama wawili tunaitazama. Tone la petroli likakauka, karatasi ikabaki nyeupe. Tone langu likaacha duara la mafuta ambalo halikukauka.

"Kule Tabora nilipakua mapipa uwanja wa ndege miaka miwili," akasema. "Ndege za pangaboi ziko za aina mbili. Ipo yenye injini ya pistoni kama gari, hiyo hunywa petroli yake ya okteni ya juu. Na ipo yenye injini kama ya ndege kubwa, pangaboi ni la kusukuma tu. Hiyo inakunywa mafuta yaliyo ndugu moja na mafuta ya taa. Umeibana injini kuliko injini zote za Kahama, halafu ukaitilia mafuta ya taa."

Nilitaka kusema niliuziwa, nilidanganywa. Akanyanyua kidole.

"Ngoja. Hayo ya mafuta ni ujinga, na ujinga hauna aibu, kila fundi aliupitia. Nakuuliza jingine. Ulipokuwa kwenye kiti, hukuusikia mlio?"

Nilikaa chini, mwanangu, pale pale kwenye sakafu yenye oili. Nikamweleza kila kitu, swali la Masalu na jibu langu.

Mzee Shabani hakunigombeza kwa sauti. Ningependa angegomba. Alisema, "Injini tutatafuta nyingine. Lakini umemwacha mwenzio alale kitandani akiushutumu mkono wake ambao haukukosea. Jina lake limeharibika mbele ya watu. Utakwenda kulitengeneza mbele ya watu walewale. Na utaanza kwake, leo, kabla hujala."

Nilikwenda. Alikuwa ameshatolewa hospitali, yuko kwake Kagongwa, amekaa kwenye kiti cha kamba mguu umenyooshwa juu ya stuli. Mama Kulwa alikuwa anapepeta mchele. Nikasema mambo yote bila kukaa. Nilipofika kwenye mawe yanayopiga chini, ungo ulisimama mikononi mwa Mama Kulwa.

Masalu akasema, "Mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ningeachia tu, Ngassa. Kuachia ni kunyanyua mguu tu."

Mama Kulwa ndiye aliyeniambia niende, akaniambia kwa Kisukuma, kwa upole, na upole huo ulinichoma kuliko matusi.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa Mama Zawadi. Madereva wake wote walikuwepo uani wakipakia pampu, na yule dereva mpya pia. Nilimwomba waitwe wasogee. Nikasema mbele yao kwamba Masalu hakukosea gia, kwamba injini ilikufa kwa mafuta niliyoweka mimi, na kwamba aliponiuliza nilimdanganya. Mmoja akaguna. Mama Zawadi alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Na magari yangu yote haya unayafunga boliti wewe?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Kuanzia leo usiyaguse." Akageuka kwa madereva. "Mwambieni Masalu mguu ukipona, ufunguo wake uko kwangu."

Kwa hiyo Masalu alipata kazi yake, mimi nikapoteza yangu kwa Mama Zawadi, na ilikuwa haki. Miaka mitatu ilipita kabla hajaniruhusu nishike hata tairi la gari lake. Watu wa Nyasubi walikuwa wananiita "Mafuta ya Ndege". Jina hilo nalo lilichukua muda kufa.

Karibu mwaka mmoja baadaye, Masalu akaja gereji anachechemea. Nilisimama. Akalizunguka lile gari letu lililopondeka, akagonga bati kwa vidole, akasema, "Tulitengeneze. Lakini safari hii mafuta nachagua mimi."

Tukaanza na mafuta. Tulikwenda sheli zote za njia ya mashindano, tukachukua chupa ndogo kila mahali, tukadondosha kwenye karatasi, tukanusa, tukapima. Tukachagua ile iliyo mbaya kuliko zote lakini bado ni petroli halali, tukasema injini yetu iweze kuishi na hii. Kompresheni ikatoka tisa na nusu. Muda niliokuwa nautumia kukata kichwa nikautumia kusafisha njia za hewa, kupanga kabureta, kuziba matundu ya rejeta, kupunguza uzito wa gari. Mzee Shabani alikuwa anapita, kikombe mkononi, hakiweki chini.

Kwenye mashindano ya mwaka huo Masalu alimchukua mdogo wake akae pembeni. Mimi nilisimama kwenye vumbi na akina mama. Wakamaliza wa tatu. Magari mawili yaliyokuwa na kelele kuliko letu yalibaki njiani. Masalu aliposhuka alinipita, akasalimia watu, kisha akarudi akanishika bega. "Haikulia hata mara moja," akasema. Tumekuwa marafiki tangu hapo, lakini sitakudanganya, urafiki ule si ule wa kwanza. Una mahali unachechemea, kama mguu wake.

Sasa nikushauri wewe, mwanangu.

Usiende kwa mkata vyuma Jumatatu. Kaa kwanza uulize gari hili litakunywa nini, si hapo ulipo tu, bali mahali pote litakapokwenda, na siku ambayo sheli yako imeishiwa. Okteni si nguvu. Ni uvumilivu wa mafuta kubanwa bila kulipuka yenyewe. Kama injini haibani sana, okteni ya juu ni kutupa bure. Kama inabana sana na okteni ni ya chini, pistoni itatoboka kama yangu. Nguvu unaipata mafuta na mgandamizo, hiyo kompresheni yako, vikilingana, na kinachobadilika kwa urahisi kati ya hivyo viwili ni mgandamizo, kwa sababu injini iko mikononi mwako, na mafuta hayako.

Umeniambia umeona kwenye simu watu wanatumia ethanoli. Ni mafuta mazuri, yanavumilia kubanwa na yanapoza injini. Lakini yanataka kunywewa mengi zaidi, kwa hiyo pampu na nozeli zako hazitatosha, yanakula mipira ya zamani, na yanavuta unyevu. Ukipata mtu wa kukuletea ileile kila mara, ya kiwanda, yenye karatasi yake, fanya, na uipange injini kwa hiyo. Usiniletee gongo. Nimeshaulizwa na vijana wawili, nacheka nikisema, lakini sitanii: humo kuna maji, na hakuna chupa mbili zinazofanana. Na zile dawa za kopo za kuongeza okteni, nyingine zinasaidia kidogo, nyingine ni rangi tu. Usijenge injini inayoishi kwa kopo.

Jiachie nafasi. Kama hesabu inasema kumi na moja inawezekana, fanya kumi na nusu. Kuna siku ya joto, kuna mzigo, kuna petroli iliyochakachuliwa. Magari yenu ya siku hizi yana sensa, kihisi kinachosikia ule mlio na kurudisha taimingi chenyewe, ni jambo jema, lakini usiifanye iwe yaya. Jaribu mafuta kwa karatasi kila unapobadilisha mahali pa kununua. Yakinuka kitu usichokijua, usiyatie.

Na lililo kubwa, ambalo halimo kwenye kitabu chochote nilichoazima: namba usiiandike ukutani kabla injini haijaishi. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, maana kosa la siku moja bado ni kosa la chuma, ukilinyamazia linaingia kwenye mwili wa mtu. Na anayeendesha kazi yako akikuuliza anasikia nini, mwambie unachokisikia. Ameweka mguu wake na watoto wake juu ya neno lako.

Kazi yako nitakuja kuiona ikiwa tayari, na nitafurahi. Mungu aibariki mikono yako, aiongezee ustadi na unyofu. Awalinde wote watakaopanda gari utakalolitengeneza, wafike waendako na warudi kwa watu wao. Akujalie wateja wenye subira, marafiki wasioogopa kukuuliza, na uzee wa kulala usingizi. Wabeja, asante kwa kunisikiliza, mwanangu. Kaa salama.